Ile Nyeupe Uliyoiona Baada ya Mvua Si Barafuto

Kila Aprili simu yangu hujaa picha ileile. Mtu amesimama kando ya barabara Naro Moru, au yuko zake Lang'ata na shemeji yake amemtumia: Mlima Kenya umevaa nyeupe toka kileleni hadi mabegani. Chini ya picha kuna maneno yasiyobadilika: "Kaka, barafu imerudi! Tupeleke na watoto wikendi hii." Nimewatoa watu Nairobi kuwapeleka mlimani kwa miaka kumi na minne, na jibu langu limezidi kuwa fupi. Haijarudi.

Nusu ya lawama naipa neno lenyewe. Kile kipande cha kwenye friji tunaita barafu. Mvua ya mawe, barafu. Sakitu inayounguza majani ya chai, barafu. Mnakumbuka Nyahururu mwaka 2008, mvua ya mawe ilipofunika mteremko mzima na watu wakatoka mbio kushangilia theluji? Basi na mlimani ni hivyo hivyo. Mvua ikinyesha kwetu, huko juu huanguka theluji. Asubuhi mlima unang'aa. Jua likishapanda, nyingi imeshayeyuka.

Barafuto, yaani ile barafu ya kudumu iliyojengeka mlimani kwa miaka mingi, haijengwi kwa wikendi. Theluji ya mwaka huu lazima ilalie ya mwaka jana ambayo haikuyeyuka, na ya mwakani iilalie hiyo, mpaka uzito uzifinye, hewa itoke, ziwe barafu ngumu inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Hiyo ndiyo inayokwisha. Mwishoni mwa karne ya 19, siku za mpanda mlima Mwingereza Mackinder kufika Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mlima ulikuwa na barafuto 18. Zilizosalia ni chache, nazo ni vipande tu. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Gregory imekwisha kabisa.

Sitaki kuionea mvua. Theluji mpya hufunika barafu chakavu na kurudisha mwanga wa jua angani, kwa hiyo msimu mzuri wa masika huipunguzia Lewis kuyeyuka kwa muda. Lakini hayo ni maji ya kunawa uso kwa mtu mwenye deni la miaka tisini.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba anayefunga safari kwa ajili ya picha hiyo huja wakati mbaya kuliko yote. Kila kitu kikiwa cheupe, barafuto huitambui. Njoo Januari au Februari, jua kali, mwamba mtupu: unaona kitu cha kijivu, kichafu, kina changarawe mgongoni, kimejibana chini ya kilele cha Nelion. Watoto huuliza, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo.

Halafu kuna maneno ninayoambiwa kila mwaka. "Tutaiona kutoka kwenye gari." Hamtaiona. Kwa njia ya Naro Moru gari hukomea Met Station, kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, tena mvua ikinyesha kipande cha mwisho hutaki kukijaribu na gari dogo la mjini. Kutoka hapo ni kwa miguu kupitia kinamasi mpaka Bonde la Teleki, kwenye mita 4,200. Kwa familia yenye mtoto wa miaka sita, hiyo si safari ya wikendi.

"Watoto wana nguvu, urefu wa mlima hautawasumbua." Nguvu haihusiki. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza mita 2,500 na kuendelea, na humpata mkimbiaji kama unavyompata mvivu. Tofauti ni kwamba mtoto hakwambii kichwa kinamuuma. Anakataa chakula, analia bila sababu. Akifika hapo, mteremshe. Usimbembeleze kwanza.

"Tuko kwenye ikweta, kutakuwa na baridi gani?" Huyu simjibu. Namtazama tu jinzi yake ikilowa. Na mzee mwenye kichupa cha konyagi mfukoni, anayesema kinampasha joto: kinafungua mishipa ya ngozi, joto la mwili linatoka nje. Kunywa chai.

"Barafuto zikiisha, Tana itakauka." Hapana, ni ndogo mno kuulisha mto ule. Maji hayo ni ya mvua, msitu na vinamasi vya juu. Ukitaka kulilia Tana, lilia msitu.

Kama wikendi ya mvua ndiyo pekee mliyo nayo, msighairi, badilisheni lengo. Tokeni Nairobi Ijumaa kabla foleni ya Thika Road haijafunga, mlale Naro Moru, na saa kumi na mbili asubuhi muwe nje mmetazama mashariki. Mlima hujifunua alfajiri. Kufikia saa nne mara nyingi mawingu yameshaufunika, na mtu aliyeamkia chapati na mayai ataonyeshwa ukungu. Kisha waingizeni watoto msituni na gambuti. Gambuti, si raba. Nimebishana na akina mama wengi juu ya hili. Soksi jozi tatu kwa kila mtoto, ndani ya mkebe wenye kifuniko, maana chupa na vifungashio vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020, na mkija na chupa hizo mtabaki langoni mkihamisha maji kwenye sufuria kama niliowapeleka mwezi uliopita.