Mikoko hailipwi kwa idadi ya miche

Mradi wa ujenzi ukila mikoko kwenye hori za Port Reitz au Tudor, Mombasa, husikika: "Tutapanda miche mara mbili ya miti iliyokatwa, deni limekwisha." Hesabu hiyo haisimami. Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, ekari huchukua miche kama 4,000, ila miche si msitu.

Angalia kwanza kilichokatwa. Mikoko ni ya aina nyingi: mlilana huota upande wa bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Mchu huvumilia chumvi kali. Ukikata mkandaa ukapanda mkoko, kwa kuwa mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, hujalipa ulichochukua.

Baya zaidi ni kupanda kwenye tope tupu lifunikwalo na maji muda mrefu. Mizizi hukosa hewa, mawimbi hung'oa, na picha za siku ya upandaji (zinapendeza, kweli) haziyaonyeshi hayo. Pasipowahi kuota mikoko pana sababu.

Barabara ikiwa imeziba mkondo, fungua kalvati kwanza: maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) yakirudi, na miti mama ipo karibu, mara nyingi mbegu huja zenyewe. Na fidia ni hatua ya mwisho, baada ya kujaribu kuusogeza mradi usikate kabisa.