Kaktasi haiuawi na baridi ya Makete, inauawa na maji

"Kaktasi ni ya jangwani, kwenye baridi yetu haitashika."

Dhana hii imewakatisha tamaa wengi kuanzia Mbeya hadi Mufindi, na si kweli. Opuntia fragilis, aina fupi ya dungusi (kaktasi yenye mashina bapa kama sahani), huota yenyewe Kanada, kwenye theluji na baridi inayoshuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Sakitu, yaani umande ulioganda, ya uwanda wa Kitulo kule Makete haikaribii huko. Hata dungusi kubwa la matunda, ambalo si sugu kiasi hicho, huvumilia usiku wa nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, mradi limekomaa na udongo wake ni mkavu.

Mkavu, ndiyo siri yenyewe. Baridi yetu kali huja Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, na hiyo ni bahati kubwa kwa mpanda kaktasi. Kinachoua ni mvua za Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana mmea uleule hustawi Iringa mjini ukaoza Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kuoza huanzia shingoni, pale shina linapogusa udongo. Bonyeza kwa kidole: pakibonyea na kutoa maji ya kahawia, kata juu yake mpaka ufikie nyama ya kijani isiyo na doa hata moja, kisha uoteshe kipande hicho upya.

"Panda kwenye mchanga mtupu."

Mchanga laini ukilowa hushikana, mizizi ikakosa hewa. Chukua ndoo 2 za mawe mepesi ya volkano, yale yanayopatikana upande wa Rungwe, yaliyopondwa yakawa kama punje za mahindi, uchanganye na ndoo 1 ya udongo wa bustani. Ukiyakosa, tumia kokoto ndogo. Inua tuta sentimita 30, na shingoni mwa mmea tandaza kokoto tupu, sentimita 3. Samadi iache kwa mahindi. Kaktasi iliyoneneshwa huwa laini, na sakitu huimaliza.

"Imesinyaa Juni, ina kiu."

Haina kiu, inajiandaa. Hupunguza maji mwilini ili utomvu unaobaki uwe mzito, usigande upesi. Ukiimwagilia unaijaza tena, na usiku maji hayo yakiganda huipasua kwa ndani. Subiri Septemba.

"Ifunike kwa nailoni."

Nailoni ikigusa mmea hutoa jasho. Kinachofaa ni paa la nailoni angavu msimu wa mvua, pande zote wazi.

"Kata bapa, panda leo leo."

Kidonda kibichi udongoni huoza. Kata Septemba, weka kivulini siku 10 hadi 14 mpaka kovu liwe gumu, zamisha sentimita 3, na wiki ya kwanza usimwagilie. Shika kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa: miiba mirefu unaiona, lakini vinyweleo vilivyo chini yake ndivyo vinavyobaki ngozini. Mabaki usitupe malishoni, kwani kila bapa linaloanguka linaweza kuota mizizi. Yakaushe kabisa kisha uyachome.