Je, wajua Dennis Rodman aliwezaje kuwashinda warefu katika kudaka ribaundi?

Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambako si ajabu kumkuta mchezaji wa kati mwenye urefu wa mita 2.13, Dennis Rodman alikuwa na mita 2.01 tu. Hata hivyo, kwa misimu saba mfululizo, kuanzia 1991-92 hadi 1997-98, hakuna aliyemzidi kwa wastani wa ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu.

Siri yake kubwa ilikuwa kusoma mpira kabla haujagonga ringi. Isiah Thomas, nahodha wake katika Detroit Pistons, amesimulia kwamba wenzao walipokuwa wakipasha misuli moto, Rodman alisimama kando akihesabu mizunguko ya mpira hewani kwa kila mtupaji, kwa sababu namna mpira unavyozunguka huathiri upande utakaorukia ukigonga chuma. Alizingatia pia mahali mtupo ulipotoka: unaotupwa kutoka pembeni na kukosa mara nyingi huangukia upande wa pili, na wa mbali hurudi mbali. Hivyo, mrefu alipokuwa bado anautazama mpira, Rodman alikwishafika ulipokuwa unaelekea na kumzuia kwa mgongo. Asipoufikia vizuri, aliupiga kwa ncha za vidole ubaki hewani, kisha akaruka tena upesi.

Kwangu mimi, ustadi huo unastahili heshima sawa na ule wa wafungaji. Wastani wake wa maisha ya uchezaji ulikuwa pointi 7.3 tu, lakini ribaundi 13.1 kwa mechi. Msimu wa 1991-92 alifikisha 18.7, na tarehe 4 Machi 1992 alidaka 34 dhidi ya Indiana Pacers. Haya yalifanywa na mtu aliyewahi kuwa msafishaji katika uwanja wa ndege wa Dallas, akaingia NBA mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 25.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana wazi katika fainali za 1996, Chicago Bulls, timu yake wakati huo, walipokutana na Seattle SuperSonics. Katika mechi ya pili na ya sita alidaka ribaundi 11 za ushambuliaji kila mara, yaani za mitupo ya timu yake mwenyewe iliyokosa, na kila moja iliwapa Bulls nafasi nyingine ya kufunga. Kocha wa Seattle, George Karl, alikiri kwamba Rodman ndiye aliyewashindia Bulls mechi hizo mbili.