Baipola na skizofrenia: maswali ya jamaa wa wagonjwa jijini Nairobi

Daktari, mwanangu anasikia sauti. Si basi hiyo ni skizofrenia?

Si lazima, mama. Hata mwenye baipola anaweza kusikia sauti hali yake inapopanda au kushuka mno. Ndiyo sababu magonjwa haya huchanganywa sana.

Sasa nitayatofautisha vipi?

Tazama mwendo wake. Baipola ni ugonjwa wa hisia, nao huja kwa vipindi. Tuseme kijana anauza mitumba Gikomba. Ghafla analala kwa saa mbili tu na kuamka hana uchovu, anaongea mfululizo, anakopa kwa simu hapa na pale ili anunue marobota asiyo na pa kuyaweka. Hali hiyo hudumu wiki moja au zaidi. Wakati mwingine huzuni humlemea hata kitandani hatoki. Baina ya vipindi hivyo, mara nyingi anarudi kuwa yule mnayemjua. Kama alisikia sauti ikimwambia ameteuliwa kuikomboa nchi, sauti hiyo nayo hunyamaza hisia zikitulia.

Skizofrenia hushambulia hasa fikra. Sauti na shuku, kwamba majirani wa ploti wanamsikiliza kupitia ukutani, huendelea hata asipokuwa na furaha kupita kiasi wala huzuni nzito. Kuna na dalili za kimyakimya: haogi, haongei, uso hauonyeshi chochote, marafiki amewaacha. Nyumbani wanamwita mvivu. Inaniuma kila ninapolisikia neno hilo, kwa sababu huo ndio ugonjwa wenyewe.

Yanafanana wapi?

Yote mawili huanza mara nyingi ujanani, huelekea kufuata ukoo, na bangi huweza kuyachochea. Hakuna lililo laana.

Dawa ni zilezile?

Baadhi, ndiyo: za kutuliza sauti na shuku hutumika kwa wote. Lithiamu ni ya baipola hasa, na anayeimeza lazima apimwe damu mara kwa mara, maana kiasi kinachotibu kinakaribiana na kinachodhuru. Akiharisha au kutapika sana, apelekwe hospitali upesi. Mwenye baipola akipewa dawa za sonona, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, peke yake, anaweza kurushwa juu tena. Kwa hiyo jina la ugonjwa si jambo dogo.

Niende wapi, na nibebe nini?

Hospitali ya Mathari, Thika Road, au hospitali yoyote yenye kliniki ya afya ya akili. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo kinachoyatenganisha. Daktari hutegemea historia, na historia mnayo ninyi. Andika daftarini: usingizi ulipungua lini, sauti zilianza lini, kipi kilitangulia, aliwahi kupata nafuu kabisa? Andika pia dawa alizotumia, hata za kienyeji. Lakini akitaja kujiua, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke leo, na asiachwe peke yake njiani.