Usisubiri Tasnifu Iishe Ndipo Uanze Slaidi

Msimu wa utetezi wa tasnifu unapokaribia hapa Mtwara, sisi tunaofundisha mbinu za utafiti hupokea ombi lile lile: mwanafunzi ana kurasa mia na ushee, utetezi ni Alhamisi, anaomba asaidiwe kuzipunguza ziwe slaidi kumi na tano. Tunamsaidia, ndiyo kazi yetu. Ila slaidi hizo zingemfaa zaidi miezi kadhaa nyuma, alipokuwa bado anaandika.

Ukimaliza rasimu ya sura, kabla hujaituma kwa msimamizi, iandalie slaidi mbili tatu. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili. “Matokeo ya Lengo la Pili” hakimwambii mtu kitu. “Wakulima wengi walipuliza salfa mikorosho ilipoanza kuchanua” kinamwambia. Ikiwa sentensi ya namna hiyo haiji, basi rudi kwenye sura: yaelekea ina majedwali mengi na hoja bado haijapatikana. Heri uligundue hilo ukiwa peke yako na kompyuta yako kuliko mbele ya watahini.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni takwimu. Tuchukulie mwanafunzi anayechunguza udhibiti wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huko Tandahimba. Amehoji wakulima 200, na 120 wamesema walipuliza salfa kwa wakati. Hiyo ni asilimia 60, anaiandika kwenye tasnifu na kwenye slaidi. Baadaye msimamizi anabaini kuwa madodoso 8 hayakujazwa swali hilo, anaagiza yaondolewe. Sasa ni 120 kati ya 192, yaani asilimia 62.5. Tasnifu inasahihishwa, slaidi zinasahaulika. Siku ya utetezi mtahini ana kitabu mkononi kinachosema 62.5, ukutani anaona 60. Kosa lenyewe ni dogo, lakini kuanzia hapo kila namba utakayoitaja itatiliwa shaka.

Dawa yake ni kuweka hesabu mahali pamoja. Kokotoa kila kitu kwenye faili moja la Excel, chora chati humo humo, kisha unapoibandika kwenye Word na PowerPoint chagua kuibandika kwa kuiunganisha na faili lake, usibandike picha tu. Namba ikibadilika kwenye Excel, unaiburudisha chati kwenye mafaili yote mawili. Angalizo: kiungo hukatika ukihamisha faili moja kwa flashi na kuliacha jingine nyumbani. Yaweke yote kwenye folda moja, uhamishe folda nzima. Ukishamaliza masahihisho ya mwisho, hifadhi pia nakala ya PDF, maana kompyuta ya ukumbini huenda haina fonti zako.

Wanaotumia LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri, wana nafuu yao. Beamer, nyenzo ya LaTeX ya kutengenezea slaidi ambayo Till Tantau aliitengeneza mwaka 2003 kwa ajili ya utetezi wa tasnifu yake mwenyewe ya uzamivu, inaweza kutoa slaidi na makala kutoka faili moja. Hata hivyo, kwa tasnifu ndefu nisingeshauri kwenda mbali hivyo. Picha na majedwali yawe yale yale kwenye tasnifu na kwenye slaidi. Maneno yaandike mara mbili, kwa sababu anayesoma na anayesikiliza hawahitaji sentensi zile zile.

Jedwali la safu saba lililopigwa picha kutoka tasnifu halisomeki kutoka kiti cha nyuma, hasa mchana, jua la kwetu likipenya pazia. Onyesha safu mbili tu unazozizungumzia, nyingine ziache kitabuni. Na rangi: nyekundu na kijani hupendeza ukutani, lakini kwenye nakala ya nyeusi na nyeupe zinaweza kutoka kijivu kile kile. Tofautisha mistari ya grafu kwa nukta na vistari, itakufaa pande zote mbili.

Kuna wanaojaza aya nzima kwenye slaidi kwa hofu kwamba Kiingereza kitawakwama. Hofu hiyo naielewa, na kuwaambia tu “punguza maneno” hakuwasaidii. Aya hizo zihamishie kwenye nafasi ya maelezo ya msemaji chini ya slaidi. Kompyuta ikiwekwa sawasawa utaziona wewe, ukumbi hautaziona. Ufanye mazoezi na projekta yenyewe kabla ya siku, kwa kuwa si kila ukumbi una kompyuta inayokubali mpangilio huo. Kompyuta isipoukubali, chapisha maelezo uyashike.

Mwisho, baada ya slaidi ya “Asanteni” weka za akiba: ramani ya kata ulizozifikia, dodoso, na ukokotoaji wa sampuli. Hapa kwetu swali la sampuli halikosekani. Kama ulitumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, onyesha hatua zote: wakulima wote ni 400, kiwango cha kosa 0.05 (ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe ni 0.0025), hivyo 400 kugawa kwa (1 jumlisha 400 mara 0.0025), jibu 200. Halafu mstari mmoja chini yake: madodoso 8 yaliondolewa, na sababu.