Mita inapodanganywa na lenzi kuukuu

"Fundi, mita imekufa," yaani kipima mwanga cha kamera. Ndivyo alivyoanza kijana mmoja aliyenijia hapa Kisumu juzi, mkononi ana Canon EOS ya filamu na Helios 44-2, lenzi kuukuu ya skrubu, iliyofungwa kwa adapta. Akanitandazia negativu zake za Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria: mitumbwi, nyavu, anga. Zilikuwa nzito, anga limekuwa jeusi tititi. Maana yake filamu ilipata mwanga kupita kiasi.

Fikra ya kwanza ya mtu ni kulaumu ziwa. Lakini maji yanayometameta huifanya mita idhani pana mwanga mwingi, ikaupunguza, na negativu hutoka nyepesi. Zake zilikuwa kinyume. Nikajua tatizo liko kati ya lenzi na kamera.

Lenzi za skrubu, zile za M42 kama hii Helios, hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. EOS, iliyoanza 1987, huacha milimita 44. Adapta nyembamba hujaza tofauti hiyo, na fokasi ya mbali kabisa hubaki sawa. Kinachokosekana ni mawasiliano. Lenzi ya EOS huiambia kamera kipenyo chake (tundu la kupitishia mwanga) kikubwa ni kipi, kamera hupima ikiwa wazi kabisa, kisha hupiga hesabu yake. Helios haisemi chochote. Kamera huonyesha 00, na kwenye Av, ambapo wewe huchagua kipenyo nayo kasi ya shata, hupima mwanga wowote unaopita baada ya wewe mwenyewe kuzungusha ringi ya kipenyo.

Kwa nadharia njia hii ingekuwa sahihi kuliko zote, kwa sababu unapiga kwa mwanga uleule uliopimwa. Hata visu vya kipenyo vilivyoingia mafuta, ugonjwa wa lenzi nyingi za zamani, havikuharibii picha hapa.

Ila mita haikai ilipo filamu. Iko juu, karibu na prizimu, ikitazama kwa pembeni kioo cha fokasi, kile ambacho picha hutua unapochungulia. Kioo cha kamera ya zamani kilikwaruzwa sana ili kisambaze mwanga kila upande. Cha kamera inayojifokasi kilitengenezwa king'ae hata kwa zumu za f/4 na f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), kwa hiyo husambaza kidogo tu. Ukifungua lenzi hadi f/2, miale ya pembezoni inafika kwenye filamu lakini mita haiioni yote. Ukifunga hadi f/11, mwanga hupita kama uzi ulionyooka kuelekea jicho lako na kuiacha mita kando. Kote kuwili kamera hudhani pana giza, basi huongeza mwanga. Huamini? Tazama ndani ya kitazamio huku ukizungusha ringi kutoka f/2 hadi f/2.8. Mwanga umepungua nusu, lakini jicho lako halioni tofauti ya maana.

Kijana nilimtoa nje, tukaelekeza kamera kwenye ukuta wa kivuli. Nilichagua saa nne asubuhi makusudi, maana mawingu ya alasiri hapa hubadilisha mwanga kabla hujamaliza kuhesabu. Kila stopu moja ya kufunga, yaani hatua ya kupunguza mwanga nusu, inapaswa kuifanya shata iwe polepole mara mbili. Tukaanzia f/5.6: 1/125. Kwa f/8 ingekuwa 1/60, na ikawa karibu hapo. Kwa f/11 nilitarajia 1/30, kamera ikasema 1/15. Kwa f/16, badala ya 1/15, ikatoa 1/6. Picha zake za Dunga, aliniambia, zote alizipiga kwa f/11 na f/16.

Sasa wengi hukimbilia kurekebisha mara moja kwa wote: toa stopu moja, basi. Hapana. Kosa hubadilika kwa kila kipenyo, na mwili mwingine wa kamera wenye kioo kingine utakupa namba nyingine. Mimi hupima kwa f/5.6, mahali mwili huu ulipo mwaminifu, nahamia M (kila kitu naweka mwenyewe), halafu nahesabu kwa vidole. Ikisema 1/500 kwa f/5.6, basi f/11 ni 1/125. Ukitumia filamu ya negativu utasamehewa stopu moja ya ziada. Ya slaidi haisamehe.

Kuna jambo moja huvuta upande wa pili. Asubuhi ukiwa Dunga unalitazama ziwa, jua liko mgongoni, nalo huingia kupitia kitazamio hadi kwenye mita. Lenzi ikiwa imefungwa, mwanga huo wa wizi huwa na uzito mkubwa, na picha hutoka giza. Kwenye mkanda wa EOS nyingi kuna kipande cha mpira ambacho watu hudhani ni pambo. Ni kifuniko cha kitazamio. Ukiweka kamera kwenye tripodi, kitumie.

Wenye Nikon wana mkasa tofauti. Kamera ya filamu F100 husoma ringi ya lenzi za AI, lenzi za mkono za Nikon zilizoanza 1977, na hupima vizuri tu ingawa si kwa matriksi, yaani kupima picha nzima kwa vipande. F80 haipimi kabisa ukiifunga lenzi isiyo na chipu, kwa hiyo tafuta mita ya mkononi au kumbuka kanuni ya f/16 juani: shata ni 1 chini ya ISO ya filamu, yaani 1/100 kwa ISO 100.

Kijana nilimwandikia namba za Helios yake kwenye kikaratasi, akakibandika nyuma ya kamera. Filamu ya pili hajaniletea.