Charles Tupper: yanayosemwa na yaliyokuwa

Watu wengi hudhani madaktari wa mashambani wa karne ya 19 walikuwa watu wa kubahatisha tu. Charles Tupper, daktari na mwanasiasa wa Kanada aliyezaliwa Amherst, katika jimbo la Nova Scotia, mwaka 1821, alianza kweli kwa kujifunza kazi chini ya daktari mwingine, kama ilivyokuwa desturi. Lakini baadaye alivuka bahari kwenda kusoma Edinburgh, akahitimu mwaka 1843. Ndipo akarudi kwao kutibu watu na kufungua duka la dawa.

Dhana nyingine ni kwamba siasa ilimfanya aupe udaktari kisogo. Mwaka 1855 alimwangusha Joseph Howe, mwanasiasa mwenye jina kubwa kuliko wote jimboni, katika kaunti ya Cumberland. Hata hivyo hakuacha kutibu. Alipata kuwa daktari wa jiji la Halifax, na Chama cha Madaktari cha Kanada kilipoundwa mwaka 1867, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza. Hata alipokuwa mbunge Ottawa, mkoba wake wa dawa ulikaa chini ya kiti chake bungeni.

Je, shule za bure zilimpatia sifa? Leo ndiyo. Wakati ule, sheria yake ya 1864 iliyoanzisha shule hizo ilifuatwa mwaka uliofuata na kodi ya lazima ya kugharimia shule, na walipakodi walinuna kwelikweli.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: kwamba Nova Scotia iliingia Kanada kwa hiari ya watu wake. Tupper, akiwa waziri mkuu wa jimbo, aliongoza ujumbe wake katika mikutano ya Charlottetown na Quebec mwaka 1864, iliyopanga muungano huo. Hakuitisha uchaguzi wala kuwauliza wananchi. Aprili 1866 alipitisha azimio la kuunga mkono muungano katika bunge la jimbo, na Julai 1, 1867 shirikisho la Kanada likazaliwa. Wananchi walijibu katika uchaguzi wa Septemba mwaka huohuo. Kati ya viti 19 vya jimbo katika bunge la shirikisho, wapinga muungano walizoa 18. Kilichobaki kilikuwa cha Tupper mwenyewe. Katika bunge la jimbo walichukua 36 kati ya 38. Huwezi kuiita hiyo ridhaa.

Mwaka 1868 Howe, aliyeongoza wapinga muungano, alikwenda London kuomba jimbo litolewe katika shirikisho. Tupper alimfuata hukohuko kumpinga, na Uingereza ikakataa ombi. Mwaka 1869, baada ya jimbo kuongezewa fedha, Howe naye akaingia serikali ya John A. Macdonald, waziri mkuu wa Kanada.

Na wanaomtaja Tupper kama waziri mkuu wa Kanada aliyetamba bungeni wamekosea. Alipoapishwa Mei 1, 1896, bunge lilikwisha kuvunjwa. Juni akashindwa katika uchaguzi na Wilfrid Laurier, kiongozi wa chama cha Liberal, na baada ya siku 69 akaondoka bila kuketi bungeni hata siku moja kwa cheo hicho.